Mkono na Waraka: Mtoto Msafiri kutoka Isevya hadi Bandarini

Msafiri mtu mzima hujitambulisha kwa kinywa chake. Akiulizwa atokako hujibu, akiulizwa aendako hueleza, na akidhulumiwa hupiga ukelele. Mtoto mdogo hana kinywa hicho. Utambulisho wake ni mkono uliomshika, na afisa wa bandari amtazamapo mtoto huwa kwa hakika anautazama mkono ule na kujiuliza ni wa nani. Hapo ndipo waraka unapoingia. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki nyumbani, jina katika orodha ya abiria, vyote hivi ni njia mbalimbali za kuuliza swali moja tu: mkono huu umempata wapi mtoto huyu?

Familia nyingi huliona swali hili kuwa ni usumbufu. Baba wa Isevya, kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, akikusudia kuwapeleka wanawe wakaione bahari wakati wa likizo, hupanda nao gari moshi hadi Dar es Salaam, kisha akavuka nao kwa boti hadi Unguja. Akitaka kuendelea nao ng'ambo, iwe kwa ndege au kwa moja ya meli kubwa za watalii zitiazo nanga katika visiwa, huambiwa kwamba kila mtoto sharti awe na pasipoti yake mwenyewe, hata yule anyonyaye. Hapo baba hunung'unika. Huuliza kwa nini kitoto kisichojua hata kutamka jina lake kipigwe picha na kupewa kitabu kama mfanyabiashara.

Manung'uniko hayo yanaeleweka. Hata hivyo, njia aipitayo baba huyo kutoka Isevya hadi pwani, na kutoka pwani hadi kisiwani, ni ile ile waliyoipitia watoto wengi katika karne ya 19 bila ya mtu yeyote kuuliza juu ya mkono uliowashika. Historia ya waraka wa mtoto msafiri katika Afrika ya Mashariki haikuanzia katika ofisi za uhamiaji. Ilianzia katika njia ya misafara na katika ngama ya jahazi, na chanzo chake ni udanganyifu mmoja mkubwa, nao ni ule wa kumwita mateka mwana.

Katikati ya karne ya 19 Unyanyembe ilikuwa njia panda ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo baada ya mwendo wa miezi mingi. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, mahali panapohusishwa na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Kutoka hapo njia iligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji na Manyema, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka, nguo, shanga na bunduki zikapanda, na Wanyamwezi wakawa ndio wapagazi wanaotafutwa kuliko wote. Wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na hawakuona ajabu kwenda pwani na wake zao pamoja na watoto wao. Mtoto aliyeweza kutembea alibeba mkeka au chungu, na asiyeweza alibebwa mgongoni. Kwa hiyo kuonekana kwa mtoto katika msafara hakukumshangaza mtu, na pengine hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Isidhaniwe kwamba njia ile ilikuwa haijui nyaraka. Msafara wa Waarabu na Waswahili ulitanguliwa na kirangozi, na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea mbele. Bendera ile ilikuwa ni pasipoti ya wote waliokuwa nyuma yake. Wakubwa wa misafara walichukua barua za kuwajulisha kwa wenzao wa Tabora na Ujiji, na madeni yao yaliandikwa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Kila mtemi aliyepitiwa alidai hongo yake, na hongo ilipolipwa ruhusa ya kupita ilipatikana. Bidhaa ilikuwa na hesabu, deni lilikuwa na hati, na tajiri alikuwa na barua. Mtoto peke yake ndiye aliyesafiri bila ya chochote isipokuwa mkono.

Tofauti ya mkono na mkono inaonekana wazi kwa kuwatazama wavulana wawili waliopita katika njia hiyo.

Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja, na katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili anaeleza kwamba alianza safari akiwa na umri wa miaka 12, akifanya biashara ya sandarusi. Alipokuwa kijana alikwenda na baba yake hadi Tabora. Hakuhitaji waraka wowote wa kumtambulisha. Jina lake lilikuwa na jina la baba ndani yake, na baada ya baba lilikuja jina la babu, na kila Mwarabu wa Unyanyembe aliyalijua majina hayo. Baba yake alioa katika nyumba ya Mtemi Fundikira, hata ukoo wake ukawa na mizizi bara na kisiwani. Kijana huyo angalipotea njiani, wangalipatikana watu wa kumtafuta.

Wa pili hakuwa na jina la baba. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini Tabora, akisubiri njia ifunguke ili aende kumtafuta David Livingstone. Vita baina ya Mtemi Mirambo na Waarabu vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Siku moja mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu alimpa zawadi, na zawadi hiyo ilikuwa ni mtoto wa kiume. Jina lake, kama Stanley alivyoliandika, lilikuwa Ndugu M'hali, nalo alilifasiri kuwa ni mali ya ndugu yangu. Kila ajuaye Kiswahili atalitambua neno lililojificha katika jina hilo. Mtoto hakuitwa kwa jina la siku aliyozaliwa wala la babu yake. Aliitwa mali, na jina lake likawa kama chapa iliyopigwa juu ya robota la nguo.

Stanley hakulipenda jina hilo. Aliwakusanya wakubwa wa msafara wake watafute jingine, wakataja hili na lile kwa kicheko, mpaka mmoja wao, Ulimengo, alipoyatazama macho ya mtoto na wepesi wake akasema aitwe Kalulu. Stanley anaeleza kuwa maana yake ni mtoto wa paa. Kwa Wabemba na Wanyanja kalulu ni sungura. Maji yakaletwa, mtoto akapewa jina jipya. Katika simulizi hiyo kila mtu anasema neno lake isipokuwa mtoto mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza mama yake alimwitaje.

Mwezi wa Mei 1872 Stanley aliondoka Unguja kwa meli, na Kalulu alikuwa pamoja naye. Mtoto aliyetolewa zawadi Tabora akafika Uingereza, akatiwa skuli huko Wandsworth, kusini ya London, na akavuka hata Marekani. Siku hizo serikali nyingi za Ulaya hazikuwa na desturi ya kumsimamisha msafiri mlangoni na kumdai pasipoti. Mtoto mweusi aliyefuatana na Mzungu mwenye jina alipita kila bandari kwa nguvu ya jina hilo. Watu walimtazama kwa mshangao, wakapiga naye picha, na mwaka 1873 Stanley akachapisha kitabu cha hadithi chenye jina la Kalulu. Waliomtazama walikuwa wengi mno, lakini hakuna aliyeuliza swali la afisa wa bandari.

Mwaka 1874 Kalulu alirudi Afrika katika msafara mwingine wa Stanley. Mwaka 1876, baada ya kulivuka Ziwa Tanganyika, alitoroka pamoja na wengine, akafuatwa, akakamatwa, akarudishwa. Tarehe 28 Machi 1877 alizama pamoja na wenzake katika maporomoko ya mto wa Kongo, na Stanley akayapa maporomoko hayo jina la Kalulu. Baada ya kifo chake, jina lile alilopewa kwa maji katika uwanja wa Kwihara likapata nafasi katika ramani. Lakini mtu anayeitazama ramani hiyo hawezi kujua kwao Kalulu ni wapi. Katika maisha yake yote, yaliyokuwa mafupi na yenye safari nyingi kuliko za manahodha wengi, kutoroka kwake kule ng'ambo ya ziwa ndiyo safari moja inayojulikana kuwa aliichagua mwenyewe.

Kalulu alipata kuandikwa kwa sababu aliyemchukua alikuwa mwandishi wa habari. Wengi wengine hawakuandikwa, na ili kuwaona ni lazima kushuka pwani na kuingia baharini, kwani huko ndiko swali la mkono lilikolazimika hatimaye kuulizwa.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza wa kuzuia usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka 1876 akatangaza marufuku dhidi ya misafara ya watumwa kutoka bara na ya kuwapitisha kwa nchi kavu. Biashara haikufa kwa matangazo hayo, bali ilijifunza kujificha. Zamani jahazi lilijazwa watu waziwazi. Sasa walichukuliwa wachache wachache, pamoja na mizigo halali na abiria halali. Mtu mzima alipitishwa kama baharia. Mwanamke alipitishwa kama mke wa nahodha au wa abiria. Na mtoto alikuwa rahisi kuliko wote, kwani aliitwa mwana.

Udanganyifu huo ulikuwa na nguvu kwa sababu ulifanana sana na ukweli. Pwani ya Waswahili tangu kale ilikuwa ni nchi ya familia zinazosafiri. Mafundi, wanazuoni, wafanyabiashara na mabaharia walihama na watu wao baina ya Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja, Kilwa, Ngazija na Maskati. Mtoto kulala juu ya magunia ya nafaka, kichwa chake juu ya paja la mtu mzima, lilikuwa jambo la kila msimu. Afisa wa manowari ya Kiingereza aliyepanda jahazi hakuwa na njia ya kujua kama paja lile ni la baba au la mnunuzi. Akimuuliza mtoto kwa njia ya mkalimani, mtoto alinyamaza au alisema alivyofundishwa, kwani mateka waliambiwa kwamba Wazungu hula watu. Basi mtoto aliyekuwa mikononi mwa aliyemwiba alimwogopa zaidi yule aliyekuja kumwokoa.

Tena palikuwa na suala la bendera. Majahazi kadha, hususan ya watu wa Sur katika Oman, yalipata hati za kupeperusha bendera ya Ufaransa, na Ufaransa haikukubali vyombo vya bendera yake vipekuliwe na Waingereza. Mwezi wa Disemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa manowari ya London alilikaribia jahazi moja karibu na Pemba lililokuwa na bendera ya Kifaransa. Lilikuwa limechukua watumwa, na katika mapigano yaliyotokea kapteni huyo akauawa. Katika ugomvi wa mataifa karatasi ya chombo ilikuwa na heshima kubwa, na waliomo ndani ya chombo hawakuwa na karatasi yoyote.

Ndipo tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa 17, na Zanzibar mojawapo, yakatia saini mkataba mrefu wa kupambana na biashara ya watumwa. Wengi wanaukumbuka kwa yale yaliyohusu bunduki na pombe. Wachache wanakumbuka kifungu chake cha 36, ambacho kwa historia hii ndicho kizito kuliko vyote. Kifungu hicho kiliagiza kwamba nahodha wa chombo cha kienyeji akitaka kupakia abiria wa Kiafrika lazima kwanza atoe taarifa kwa wenye mamlaka. Abiria waulizwe, na ikishabainika kuwa wanasafiri kwa hiari yao, waandikwe katika orodha maalumu pamoja na maelezo ya kila mmoja, hasa jinsia yake na kimo chake. Kisha yakaja maneno yanayohusu watoto: asipakiwe mtoto isipokuwa amefuatana na jamaa zake, au na watu ambao heshima yao inajulikana. Kabla ya chombo kung'oa nanga majina yaitwe, na orodha itiwe sahihi. Vifungu vilivyofuata vilitaka orodha hiyo ionyeshwe katika kila bandari na kila anayeshuka aandikwe kuwa ameshuka, tena abiria wasipandishwe wala kuteremshwa mahali pasipo na mwenye mamlaka. Ofisi ya kimataifa ya kukusanya habari za bahari iliwekwa hapa hapa Zanzibar.

Kifungu hicho hakikumpa mtoto kitabu chenye picha. Kilimpa mstari mmoja katika orodha, na mstari huo uliandika jina, jinsia na kimo. Hata hivyo mstari ule ulileta jambo jipya baharini. Kwa mara ya kwanza, katika sheria iliyoyafunga mataifa mengi, haikutosha nahodha kusema kuwa huyu ni mwanangu. Alitakiwa aseme mbele ya mtu mwenye kuandika, na maneno yake yangoje kwenye karatasi mpaka bandari ya pili, yalinganishwe na mtoto anayeteremka. Kilichokuwa neno la mdomo kikawa ushahidi.

Kifungu kilikuwa na tundu zake. Kiliviachia vyombo vidogo, vyenye mabaharia wasiozidi kumi, vilivyovua samaki au vilivyofanya biashara karibu na ufuo, navyo ni vyombo vya kutosha kabisa kumpitisha mtoto mmoja usiku. Ufaransa ilikataa kuviridhia vifungu vya kupekua na kukamata vyombo, na ugomvi juu ya bendera zake kwa watu wa Maskati uliendelea mpaka ukapelekwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu yake tarehe 8 Agosti 1905. Lakini tundu kubwa kuliko zote lilikuwa katika maneno ya kifungu chenyewe. Mtoto aliruhusiwa kusafiri na jamaa zake, au na watu wenye heshima inayojulikana. Heshima hiyo ilijulikana kwa nani? Kwa afisa. Na afisa alimjua nani? Alimjua tajiri, alimjua mkubwa wa mji, alimjua Mzungu mwenzake. Stanley angalipanda chombo na Kalulu chini ya kifungu cha 36 bila ya taabu yoyote. Mama wa Kinyamwezi, aliyeshuka kutoka Tabora kwa miguu akiwa na mwanawe wa kumzaa, angalihojiwa.

Kasoro hiyo haikufia baharini. Ilipanda bara pamoja na utawala mpya.

Wajerumani waliiteka Tabora mwezi wa Januari 1893, Mtemi Isike alipojilipua ndani ya boma lake badala ya kujisalimisha. Serikali yao haikuufuta utumwa kwa siku moja. Ilitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, na mwaka 1901 ikampa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha. Kisha, kwa amri ya tarehe 24 Disemba 1904, ikatangaza kuwa kila mtoto atakayezaliwa na mama mtumwa baada ya tarehe 31 Disemba 1905 atakuwa huru. Sheria hii ilikuwa na huruma, lakini mtu akiitafakari katika ua wa nyumba moja ya Tabora ataona ugumu wake. Mtoto aliyezaliwa usiku wa mwisho wa Disemba ni mtumwa. Mwenzake aliyezaliwa asubuhi yake ni mtu huru. Na watu wa kawaida wa bara hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Siku ya kuzaliwa ilikumbukwa kwa mvua, kwa njaa, kwa vita, au kwa kifo cha mtu mkubwa. Uhuru wa mtoto ulitundikwa juu ya tarehe ambayo hapakuwa na daftari la kuiandika. Utumwa ulikuja kufutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kisiwani Unguja ulikuwa umefutwa kwa amri ya Seyyid Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897.

Wakati huo huo reli ilikuwa imefika. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari iliyohitaji miezi ikawa ya siku chache. Bendera nyekundu na kirangozi vikapotea, na njia ya misafara ikabaki katika miembe na katika majina ya mitaa. Mtoto akaanza kusafiri mgongoni mwa mama bila ya khofu, naye alihesabiwa kuwa ni sehemu ya mama. Fikra hiyo iliingia hata katika pasipoti. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, nchi nyingi zilimwandika mtoto katika pasipoti ya mzazi, mstari mmoja chini ya jina la baba au mama, kama vile orodha ya jahazi ilivyomwandika chini ya jina la chombo.

Mstari huo ulionekana hautoshi. Mtoto aliyeandikwa jina bila ya picha angeweza kubadilishwa na mtoto mwingine wa umri wake. Wazazi waliotengana waligombea watoto kuvuka mipaka, na aliyeishika pasipoti ndiye aliyemshika mtoto. Uingereza iliacha kuwaongeza watoto katika pasipoti za wazazi mwaka 1998, na Jumuiya ya Ulaya ikataka kila mtoto awe na pasipoti yake kufikia mwaka 2012. Afrika ya Kusini iliamuru mwaka 2015 kwamba mtoto anayepita mipaka yake aonyeshe cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, ingawa masharti hayo yalilegezwa baadaye kwa sababu ya malalamiko ya watalii. Marekani nayo ina unafuu kwa safari za bahari. Mtoto raia aliye chini ya miaka 16, arudipo kwa meli kutoka Kanada, Meksiko au visiwa vya Karibi, aweza kuonyesha cheti cha kuzaliwa badala ya pasipoti. Tanzania ilizindua pasipoti yake ya kielektroniki tarehe 31 Januari 2018, na mtoto huombewa ya kwake kwa cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi.

Njia zote hizo zinarudi kwenye cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo historia ya Tabora inapojirudia kwa sura nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa ni kama mtoto mmoja tu kati ya wanne walio chini ya miaka mitano katika Tanzania aliyekuwa amesajiliwa kuzaliwa kwake. Tangu mwaka 2013 ulikuwa umeanza mpango wa kuwasajili watoto wa umri huo bila ya malipo karibu na makwao, nao umeenea mkoa baada ya mkoa. Mpango huo si jambo dogo la maofisi. Unakamilisha kazi ambayo amri ya mwaka 1904 iliiacha nusu, yaani kumpa mtoto siku yake ya kuzaliwa kwa maandishi, ili asiwepo wa kuikana.

Wapo watakaosema kuwa utumwa umekwisha na jahazi la Sur halipo tena. Ni kweli. Lakini mkono wa kukopa bado upo. Wasichana wadogo huchukuliwa kutoka mikoa ya bara kupelekwa mijini, na hata visiwani, kwa ahadi ya skuli, wakaishia kufanya kazi za nyumbani bila ya ujira. Na anayewachukua mara nyingi hujiita shangazi. Tanzania ilitunga sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008, Tanzania Bara ikapata Sheria ya Mtoto mwaka 2009, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2011. Sheria hizo zinalenga udanganyifu ule ule uliolengwa na kifungu cha 36. Neno mwana limebadilishwa kwa neno mpwa, na jahazi limebadilishwa kwa basi na boti.

Na bahari yenyewe imetoa fundisho jingine. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander I ilizama baina ya Nungwi na Pemba. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua watu wapatao 600, na waliokuwamo walizidi elfu mbili. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe. Katika misiba ya namna hii hesabu ya waliopotea hailingani na hesabu iliyoandikwa, na mtoto aliyepakatwa, asiyekatiwa tiketi, ndiye mwepesi kuliko wote kukosekana katika karatasi. Jamaa zake humtaja, lakini daftari halimtambui. Orodha ya abiria, ambayo zamani iliwekwa ili mtoto asiibiwe, leo ina kazi ya pili, nayo ni kwamba mtoto asife bila ya kuhesabiwa.

Kasoro ya mwaka 1890 nayo haijaondoka. Waraka bado humpendelea mwenye heshima inayojulikana. Familia yenye wakili na akaunti ya benki hukamilisha nyaraka za watoto kwa wiki chache. Bibi anayelea wajukuu mayatima kijijini huambiwa alete saini ya baba aliyekwisha kufa. Kumzuia bibi huyo si kumlinda mtoto. Sheria njema ni ile inayoutambua mkono wa kweli hata usipokuwa na pete, na kuushuku mkono wa bandia hata ukiwa na glavu. Hilo haliwi kwa kuongeza mihuri. Huwa kwa kumwandika mtoto mapema, pale alipozaliwa, na wale wanaomjua.

Kwa hiyo baba wa Isevya anapokaa katika benchi la ofisi akingoja pasipoti ya kitoto chake, na kitoto kimelala begani, anachongojea ni zaidi ya kibali cha matembezi. Kitabu kile kitaandika jina ambalo mtoto amepewa na wazazi wake, mahali alipozaliwa na siku aliyozaliwa. Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka hapo alipo, mtoto mmoja aliwahi kuitwa mali, kisha akaitwa Kalulu, akazunguka nusu ya dunia, wala halikuandikwa popote jina alilopewa na mama yake.